Shangazi, mwenye nyumba anahesabu wageni wangu

*"Shangazi, mimi ni nesi, kwetu Voi, nimepata kazi Lamu. Nimepanga chumba na jiko dogo ghorofa ya juu huku Langoni, upepo upo, bahari naiona, napapenda sana. Shida ni mama mwenye nyumba, anaishi chini na kila anayepanda anaulizwa aenda kwa nani. Mchumba wangu alikuja kutoka Mombasa, basi likachelewa, akafika isha ishapita, nikasemwa wiki nzima. Halafu ati Disemba nimpishe, chumba anawapa wageni, mimi nikakae kwa dadake hadi Januari. Hatujaandikiana kitu. Nihame?"*

Mwanangu, usihame bado, na huyo mama usimchukie. Hebu niambie, ngazi yako yaanzia wapi? Manake hizi nyumba za kale hazikujengwa za kupangisha, ilikuwa nyumba ya ukoo mmoja, ikaja kugawanywa baadaye, ndo unakuta mpangaji wa juu lazima apite kiwandani, yaani uani, kwa wenyewe, palepale mama na mabinti zake wanafua na kupaa samaki, kichwa wazi, leso kiunoni. Zamani mwanamume mgeni aliishia dakani, kibarazani mlangoni, akiwa wa kulala anapandishwa sabule, chumba cha wageni, kwa ngazi ya pembeni bila kuingia kwa watu. Sasa mchumba wako katokea usiku na begi mgongoni, na nabashiri hata hodi hakupiga, akakatiza katikati ya watu. Wewe ungenyamaza?

Akija tena akupigie akiwa bado Mokowe, gatini upande wa bara, kabla hajapanda boti, wewe ushuke umwambie mama fulani anakuja, na akifika asimame dakani apige hodi mpaka aitikiwe, amsalimie mama vizuri, shikamoo yake, ndo apande. Kulala hapo kabla ya ndoa, hilo mimi silitetei, kuna gesti za kutosha mjini. (Punda na adhana ya alfajiri naona hukulalamikia, hongera, wageni wengi huanzia hapo.)

Lakini mwanangu, jambo kubwa umelitaja mwishoni kama la kupita tu. Kukutoa Disemba! Kaskazi ikivuma watalii wanajaa na chumba cha juu chenye upepo kinalipwa kwa usiku, namuelewa mama, mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na kila mtu ataka kulala kwenye nyumba ya boriti na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Ila wewe si mlinzi wa chumba cha watalii. Kama unalipa kodi kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka akitaka utoke akupe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na kukuhamisha kwa dadake huku kodi inaendelea kuhesabika hayo ni mapatano, si amri, wewe unaweza kukataa.

Kwa hiyo keti naye, si ngazini na si ukiwa na hasira, nenda alasiri na sukari kilo moja na majani ya chai, uombe muandikiane karatasi moja tu: kodi ni ngapi, dipoziti inarudi lini, tokeni za stima mnagawana vipi kama mita ni moja, na maji ya birika, lile tangi la nyumba, yakiisha nani analipa ya mkokoteni. Kisha Disemba. Ukikubali kumpisha, basi mwezi huo hulipi kodi yake, na vitu vyako vifungiwe mahali ufunguo unao wewe. Aweke sahihi, wewe uweke, na shahidi mmoja wa mtaani anayeheshimika.

Akikataa kuandika, hapo sasa tafuta kwingine, tena anza Septemba, manake Novemba ikiingia utaambiwa kila mahali pameshashikwa.