Mikono inakushinda? Acha kuchora kutoka kichwani
Ndugu, umesema unachora kila siku na mikono bado inakataa. Kwa ulivyoeleza, unaichora kwa kukumbuka tu. Weka mezani ule mkono usioshika kalamu, uutazame vizuri: vifundo vya vidole havikai kwenye mstari mnyoofu, vimejipanga kwa upinde, na kidole gumba kinaanzia chini kabisa, karibu na kifundo cha mkono. Anza na umbo la kiganja, vidole vifuate. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Tumia kalamu ya wino, usije ukashinda unafuta. Na tafadhali usichane kurasa mbaya! Ziandike tarehe pembeni. Baada ya miezi miwili zitakuonyesha kosa linalojirudia ni lipi.