Maswali na Majibu: Hatia ya Ujerumani ndani ya siasa za leo

Hii hatia ya Wajerumani kwa uhalifu wa enzi za Hitler ni maneno ya majukwaani tu, au ipo kwenye sheria? (Msomaji, Dodoma)

Ipo, tena kwa vifungu. Kifungu cha 130 cha Sheria ya Jinai ya Ujerumani kinamhusu anayekana hadharani Maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi: faini au kifungo hadi miaka 5. Katiba ya 1949, katika kifungu cha 21, inaruhusu chama kinachotaka kuivunja demokrasia kipigwe marufuku.

Ila serikali haiwezi kukifuta chama yenyewe. Kazi yake, au ya mojawapo ya mabunge mawili, ni kupeleka ombi tu. Anayeamua ni Mahakama ya Katiba. Ni vyama 2 tu vilivyowahi kufutwa hivyo, chama cha Wanazi mamboleo SRP mwaka 1952 na chama cha kikomunisti KPD mwaka 1956. Kesi dhidi ya NPD, chama cha mrengo mkali wa kulia, ilivunjika mwaka 2003 kwa kuwa watoa habari wa idara za usalama walikuwa wamejaa hadi kwenye uongozi wa chama hicho, ikawa haijulikani maneno ni ya chama au ya dola. Mwaka 2017 mahakama ilikubali kwamba malengo ya NPD yanapingana na katiba, lakini ikasema chama chenyewe ni dhaifu mno kuyatimiza. Kikanusurika.

Wananchi walikubali kulipa fidia kwa moyo mmoja? (Msomaji, Mombasa)

Hata kidogo. Mkataba wa Luxembourg wa Septemba 1952 uliahidi mark (fedha ya Ujerumani ya wakati huo) bilioni 3 kwa Israel, sehemu kubwa kwa bidhaa, na milioni 450 kwa mashirika ya Kiyahudi. Bungeni, Machi 1953, wabunge 239 waliunga mkono, 35 wakapinga, na 86 hawakupiga kura upande wowote. Kansela (mkuu wa serikali) Adenauer aliokolewa na wapinzani wake wa SPD, maana wengi wa upande wake walimkimbia. Viongozi walitangulia, umma ukafuata miaka mingi baadaye. Anayesema Wajerumani walitubu mara tu vita vilipokwisha hajaisoma kura hiyo.

Mbona wengine wanaitumia hatia hiyohiyo kupinga vita, na wengine kuvihalalisha? (Msomaji, Muscat)

Kwa sababu ndani yake mna viapo viwili: "vita isirudi tena" na "Auschwitz isirudi tena", yaani kambi ya Wanazi ya kuulia Wayahudi. Viliparuana waziwazi Mei 1999, chama cha Kijani kilipokutana Bielefeld kujadili mabomu ya NATO dhidi ya Yugoslavia kwa ajili ya Kosovo. Waziri wa Mambo ya Nje, Joschka Fischer, alirushiwa mfuko wa rangi nyekundu na mpinzani wa vita, ukampasua kiwambo cha sikio. Akapanda jukwaani na doa la rangi kwenye koti, akataja viapo vyote viwili, na akashinda kura.

Kuhusu vita vya Israel huko Gaza mvutano ni uleule. Mwaka 2008 Kansela Angela Merkel aliliambia Bunge la Israel kwamba usalama wa nchi hiyo ni sehemu ya msingi wa dola ya Ujerumani. Kauli hiyo si sheria, lakini imembana kila kansela aliyemfuata. Agosti 2025 Kansela Friedrich Merz aliposimamisha vibali vya kuiuzia Israel silaha zinazoweza kutumika Gaza, kelele za kwanza zilitoka ndani ya muungano wa vyama vyake mwenyewe. Novemba zuio likaondolewa.

Kwa nini Namibia wanapewa "msaada" badala ya fidia? Na sisi wa Songea je? (Msomaji, Songea)

Hapa ndipo penye ufundi. Mei 2021 Ujerumani ilikiri kwamba yaliyowapata Waherero na Wanama, makabila ya Namibia iliyokuwa koloni lake, mwaka 1904 hadi 1908 ni mauaji ya kimbari, lakini ikaongeza "kwa mtazamo wa leo". Maneno hayo manne yana kazi: mkataba wa kimataifa dhidi ya mauaji ya kimbari ni wa 1948, na Berlin inashikilia kuwa haurudi nyuma, kwa hiyo hakuna deni la kisheria. Euro bilioni 1.1 zikaahidiwa kwa miaka 30, yaani kama milioni 37 kwa mwaka, nyingi zikiitwa miradi ya maendeleo. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema serikali mbili zimekaa mezani bila wao.

Songea, Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier aliomba msamaha kwa ukatili wa wakati wa Maji Maji, akaahidi ushirikiano katika kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Ni hatua kubwa. Lakini rais wa Ujerumani haongozi serikali wala hapangi bajeti. Likija tamko jingine, tazameni mambo manne: limepitishwa na Bunge au limesemwa tu, kosa limepewa jina gani, fedha zinaitwa nini, na wajukuu wa waathirika walikaa mezani au ukumbini.

AfD wataweza kufuta haya yote? (Msomaji, Nairobi)

AfD ni chama cha mrengo mkali wa kulia. Björn Höcke, kiongozi wao katika jimbo la Thüringen, alidai mwaka 2017 sera ya kumbukumbu, yaani jinsi taifa linavyoukumbuka uhalifu wa Wanazi, igeuzwe nyuzi 180. Februari 2025 chama hicho kilipata asilimia 20.8 kitaifa na kushika nafasi ya pili. Katiba haiguswi kwa kura hizo. Penye hatari ni majimboni, kwa kuwa shule ni mamlaka ya jimbo na maeneo ya kumbukumbu hutegemea pia bajeti yake. Iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi ya Buchenwald ipo Thüringen, na huko AfD iliongoza uchaguzi wa Septemba 2024 kwa asilimia 32.8, ingawa vyama vingine viliungana kuizuia isiunde serikali.