Fundi wa ndege asome masta ya hyuman fakta ya nini?

SWALI: Salamu kwenu. Mimi ni fundi wa ndege hapa Entebbe, nilisomea chuo cha anga cha Soroti, leseni ninayo na kazi nimeizoea. Nataka nisome masta ya hyuman fakta za anga, yaani namna mwili, akili na mazingira ya kazi vinavyomfanya mtu akosee, lakini wenzangu kwenye shifti wananicheka, eti hiyo ni saikolojia ya marubani, bora niongeze leseni ya ndege aina nyingine. Halafu kuna jamaa ananishauri niuze kiwanja nipate ada, mke wangu hataki hata kusikia. Nishaurini. – Fundi, Entebbe

JIBU: Ndugu fundi, mama watoto yuko sahihi, kiwanja usikiguse.

Hao wenzako waulize kama wanaijua ile ndege ya British Airways ya tarehe 10 Juni 1990. Imetoka Birmingham inaenda Málaga, haijamaliza hata kupanda, kioo cha mbele upande wa kapteni kikang'oka, kapteni akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka rubani msaidizi akatua Southampton. Na alipona! Sasa kile kioo kilikuwa kimetoka kubadilishwa, usiku, na msimamizi wa shifti mwenyewe manake watu walikuwa wachache. Alichukua bolti ya zamani akatafuta inayofanana nayo kwa macho, kwenye droo iliyo mahali penye mwanga hafifu, katalogi ya vipuri hakufungua. Bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, na utaratibu haukudai mtu wa pili akague.

Mwenye haraka atasema fundi mzembe, fukuza, kwisha maneno. Masta hii inaanzia hapohapo wengine wanapofunga faili: kwa nini mtu mzoefu, anayesifiwa kazini, aliiona bolti ile iko sawa? Stoo imepangwaje, saa zile za usiku ubongo unakuwaje, nani aliamua kioo si cha kukaguliwa mara mbili? Zile sababu 12 za watu kukosea kazini mnazobandikiwa ukutani kwenye hanga (alizipanga Gordon Dupont kule Kanada mwaka 1993) ni mlango tu, ndani kuna uchovu na usingizi, kumbukumbu, muundo wa vifaa, uchunguzi wa ajali, na takwimu, ambazo huwatesa sana watu walioacha hesabu siku nyingi, anza kujikumbusha sasa hivi.

Marubani wamo pia, sikatai. Boeing 707 ya Uganda Airlines ilianguka Roma tarehe 17 Oktoba 1988 kwenye ukungu, wakafa 33 kati ya 52, na wachunguzi walisema marubani hawakujiandaa vya kutosha kwa utuaji wa namna ile wala kutajiana kimo vizuri wakati wa kushuka. Kwa hiyo hili jambo ni letu kabisa.

Shule sasa. Hujasema kama una digrii, na hapo ndo penye kikwazo, manake diploma na leseni peke yake vyuo vingi havikubali, vichache vinaangalia uzoefu kwa hiyo waandikie uulize kabla hujalipa chochote. Embry-Riddle ya Marekani wanafundisha pia kwa mtandao, Lund ya Sweden ni ya nusu muda, unasoma ukiwa kazini na kwenda huko mara chache, Cranfield ya Uingereza ni mwaka mmoja ukisoma muda wote. Ukitaka hiyo ya Uingereza jaribu ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka 2 na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2, ila hawalipii kozi ya mtandao wala ya nusu muda.

Mimi ningekushauri nusu muda kama kuna namna ya kulipa kidogokidogo. Sababu ni leseni yako. Kwetu hapa hutakuta tangazo la kazi limeandikwa hyuman fakta, utaingilia idara ya usalama ya shirika la ndege, au kufundisha mafundi, au kwa mamlaka ya anga, na kote huko watakutaka kwa sababu umeshika spana, sio kwa sababu ya cheti pekee. Ukiacha leseni ikalala miaka utakuwa umejikata mguu mmoja.

Na ile barua ya maombi, tafadhali usiandike eti ulipenda ndege tangu utotoni, wote wanaandika hivyo. Waandikie shifti ya usiku hapo kwenu inavyoikabidhi kazi ile ya asubuhi, karatasi inasema nini na watu wanaambiana nini mlangoni wakiwa wameshavua ovaroli.