Mbwa mzee na matunda

Swali: Dokta shikamoo, mbwa wetu ana miaka 12, meno yameanza kung'oka, watoto wanampa embe na ndizi kila siku, kuna shida?

Jibu: Marahaba. Embe sio baya ila limenyeni mtoe kokwa, akilimeza linaziba utumbo na kwa umri huo upasuaji ni mtihani mkubwa. Ndizi vipande viwili vitatu tu, sukari nyingi, na kama ana kisukari msimpe kwanza mpaka muongee na daktari anayemtibu. Tikiti toeni mbegu na ganda, mpondeeni kwa uma. Ila zabibu, mbichi au kavu, hata zile za kwenye keki, jamani hapana kabisa! Zinaweza kuua figo, akila msisubiri atapike, mkimbizeni kliniki saa hiyohiyo.