Jirani anaongea peke yake, ndiyo kichaa? Jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu mleta uzi, unasema jirani yenu hapo Mbagala anaongea peke yake barazani, wapangaji wenzake wanataka mwenye nyumba amtoe, na unauliza mtu anaanzia wapi kuwa mgonjwa wa akili. Mimi si daktari. Ni kaka wa mgonjwa, mabenchi ya kliniki ya akili nimeyakalia miaka sita sasa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mtu kuwa wa ajabu haimaanishi anaumwa. Mtaani kwetu Tandika kuna mzee anapigia saluti kila daladala inayopita. Kila moja! Nimemkuta na saluti yake tangu nasoma shule ya msingi. Watoto wanamwita chizi. Lakini mzee huyo huyo anauza kahawa, anakumbuka nani anadaiwa kashata ngapi, analala, anaoga, na Ijumaa anawahi msikitini kuliko mimi. Hamsumbui mtu, na hizo saluti hazimnyimi raha yeye mwenyewe. Ndivyo alivyo tu.

Sasa njoo kwa mdogo wangu. Ni fundi friji na feni, na kazi ya fundi ni kufungua vitu, ndiyo maana tulichelewa kushtuka. Alifungua redio ya mama, hatukusema kitu. Akafungua rimoti, kisha soketi ya sebuleni. Fundi huyo, tutasemaje? Kilichonishtua ni skrubu. Siku zote dogo akifungua kitu, skrubu zake anaziweka kwenye kifuniko cha kopo la mafuta, kubwa kwake na ndogo kwake, na ole wako uziguse. Asubuhi ile nilizikanyaga. Zilikuwa zimezagaa kuanzia mlangoni mpaka chini ya kochi, naye kachuchumaa mbele ya tundu la soketi, katega sikio, ananinong'oneza: "Kaka, usiongee, wanasikia." Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ilikuwa wiki ya tatu sijamsikia akikoroma.

Kwa hiyo jirani yako usimlinganishe na wapangaji wengine, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Kabadilika? Tangu lini? Analala, anakula, kazi yake inakwenda? Anateseka? Kuna hatari ya kujidhuru au kumdhuru mtu? Madaktari nao wanauliza hayo hayo, ila wao wana miongozo inayohesabu mpaka muda. Sonona, yaani huzuni nzito ya ugonjwa, hawaiiti sonona mpaka dalili zimkae mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Kwa skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau mwezi mmoja, ule wa Wamarekani unataka miezi sita. Ndiyo maana daktari wa dogo alikaa muda mrefu bila kutupa jina la ugonjwa, mama akawa ananung'unika kwamba daktari gani huyu hajui. Alikuwa anajua. Alianza na damu: malaria, kaswende, virusi vya UKIMWI, sukari. Kisha akauliza habari za bangi na gongo mbele ya mama, dogo akatazama chini. Malaria ikipanda kichwani mtu anaweza kuongea na ukuta, na huyo ukimtibu kama kichaa utamuua.

Najua watakuja watu humu waseme hizi ni tafsiri za Wazungu. Hawakosei sana. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Akaupa na jina, drapetomania, na kinga aliyoipendekeza ilikuwa viboko. Yaani mtu kakimbia minyororo, halafu yeye ndiye mgonjwa. Ndiyo maana nikisikia wapangaji wanataka mtu atolewe kwa sababu hafanani nao, nasita kwanza. Miongozo ya siku hizi inasema wazi kwamba kwenda kinyume na jamii peke yake si ugonjwa, wala huzuni ya msiba inayoeleweka kwa desturi za watu wenyewe. Mjane aliye edani akikwambia jana usiku kasikia marehemu akimwita, kaa naye, mpe pole. Mwanamke aliyepandisha kwenye ngoma ya pepo, kesho asubuhi yuko Tandika sokoni anagombania bei ya dagaa, huyo muache.

Sisi tulianzia kwa mganga, sifichi. Mbuzi mmoja na laki na themanini, na wiki tano zikaishia huko. Aliyetutoa ni shehe. Alimsomea dogo mpaka mwisho, akamgeukia baba: "Dua nitaendelea nayo, lakini nyinyi mpelekeni hospitali leo."

Halafu kuna hili, ambalo bado linaniuma. Siku ya tatu ya vidonge vya haloperidol, dawa ya akili aliyopewa hospitali, shingo ya dogo ilijipinda upande, taya likakaza, macho yakaganda juu darini. Nyumba nzima kelele, jini kagoma! Shangazi akataka vidonge vitupwe chooni. Kumbe ni dawa. Ni madhara yanayojulikana, hutokea hasa siku za mwanzo, misuli inakaza. Tulimrudisha, akapewa benzhexol, dawa ya kulegeza misuli iliyokazwa hivyo, kufika adhuhuri shingo imenyooka. Aliyetupa dawa pale dirishani hakuwa ametuambia hata neno moja. Ukipewa dawa za akili, usiondoke dirishani bila kuuliza wiki ya kwanza itakuwaje.

Huyo jirani, mtafute ndugu yake umuulize kama zamani alikuwa hivyo. Kama kabadilika, si lazima mfike Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, kama watu wanavyotaniana. Muhimbili, pale Upanga, kuna idara ya afya ya akili, anzieni hata hospitali iliyo karibu wawaelekeze. Akitaja kufa, msihesabu wiki, nendeni siku hiyo hiyo.

Dogo amerudi kwenye friji zake, anachoma sindano kila mwezi. Mpaka leo anasema siku ile kwenye soketi kweli kulikuwa na watu. Sibishani naye. Tuliirudishia wote wawili, mimi nashika tochi, yeye anakaza. Skrubu moja hatukuiona, na soketi ipo hivyo hivyo, inacheza ukichomeka pasi.