Tulikaa ufukweni, kimondo kimoja tu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Desemba iliyopita, tarehe 13, mimi na mume wangu tulikwenda ufukweni hapa Lindi kutazama vimondo, maana alisikia redioni kwamba vitakuwa vingi. Tulikaa kuanzia saa 1 usiku hadi saa 3 kasoro. Mimi nilikiona kimoja. Yeye, kila mara kwenye simu kuangalia saa, hakuona hata hicho. Sasa anasema ni uzushi mtupu. Natamani twende tena. Tulikosea wapi?
Mama Zuhura, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Redio haikusema uongo. Mliondoka shughuli ndiyo kwanza inaanza. Vimondo vya Desemba huonekana kama vinatokea kwenye nyota za Mapacha, na nyota hizo kwetu huchomoza karibu saa 3 usiku, kaskazini mashariki. Saa 8 ndipo zinapokuwa juu kabisa. Tena Desemba mawingu ya mvua yameshaanza kutusumbua.

Subirini Mei, usiku wa kuamkia tarehe 6 au siku za jirani, mradi mwezi usiwe mpevu. Vimondo vya wakati huo ni vumbi la nyotamkia ya Halley, iliyopita mara ya mwisho 1986 na itakayorudi 2061. Kila Mei dunia inakatiza njia yake, na chembe ndogo kama mchanga zinaingia hewani kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde, zinaungua kiasi cha kilomita 100 juu yetu. Watu wa Ulaya huambulia vichache. Sisi wa kusini mwa ikweta ndio tuliopendelewa, na kila nikilikumbuka hilo moyo wangu hufurahi.

Mimi na mke wangu huenda ufukwe wa Msimbati, Mtwara, bahari ikiwa mashariki na taa za mji ziko mbali. Saa 10 alfajiri tumeshalala chali mkekani, vichwa vimekutana, miguu yangu baharini, yake kwenye minazi, ili tugawane anga. Katikati kuna bakuli la korosho za kukaanga: anayewahi kuona huweka moja kwenye kifuniko chake. Mwaka juzi yeye alipata 19, mimi 8. Kimoja kilivuka kutoka baharini kikaacha mstari uliobaki ukififia taratibu, akanikamata mkono na korosho yake akaisahau.

Lakini nisikilize hapa, mwanangu: jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza, na kutupia simu jicho mara moja tu kunalirudisha mwanzo. Ndiyo maana wewe uliona, mwenzio hakuona. Saa ataijulia kwenye adhana ya alfajiri. Ikisikika, anga nayo inaanza kupambazuka.

Bebeni shuka mbili. Umande wa Mei hulowesha mkeka mpaka mgongoni.