Mimi si Jike, Nina Jina

Juzi msomaji mmoja wa Pongwe kaniandikia: "Dada, nimeanza kununua samaki mnadani. Wanaume wananiita jike. Ninyamaze ili nipate riziki?" Nimeusoma ujumbe ule mara tatu, nikajiona mwaka 2011.

Nilisimama ufukweni hapa Tanga alfajiri, na ndoo yangu na shilingi 30,000 za kukopa kwa mama mdogo. Nikataja bei ya fungu la vibua. Dalali akaniruka, akampa mwanamume aliyekuwa nyuma yangu kwa bei ile ile. Nilipouliza, akasema mbele ya watu, "Hilo jike linataka nini?" Wakacheka. Nikarudi Ngamiani kwa miguu na ndoo tupu, mama mdogo akadhani nimeibiwa.

Miaka iliyofuata siisimulii. Ni kukaanga na kuuza, kukaanga na kuuza. Leo nina majiko matatu na wasichana wanne, na dalali akiniona ananiamkia. Lakini lile "hilo" bado linaniuma kuliko hata "jike" lenyewe.

Jike ni la mbuzi, ni la ng'ombe. Jike na mwanamke shina lake ni moja, -ke, ila mwanamke ametanguliwa na mwana: mtoto wa watu, ana kwao. Ukimwita jike umemwondolea mwana, umebakiza kinachozaa. Kisha "hilo linataka", kama unasema jiwe au jembe! Hata mbuzi jike tunamwita huyu.

Nami mikono yangu si safi. Tulipomzika baba, mdogo wangu wa kiume alilia, nikamwambia, "Dume zima unalia?" Nilidhani namtia moyo. Dume husifiwa kwa nguvu na mbegu, nani amewahi kuliuliza limeamkaje? Alinyamaza palepale, na tangu siku ile hajanieleza lolote la moyoni mwake.

Halafu kulikuwa na msichana jikoni kwangu, akibeba gunia la mkaa peke yake. Nikawa namwita Jikedume, wateja nao wakaitikia. Mwisho wa mwezi hakurudi. Mama yake ndiye aliyeniambia sababu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Pongwe, usinyamaze. Usimtukane dalali katikati ya mnada, atakukomoa kwenye bei. Mngoje amalize, mfuate pembeni, umwambie jina lako. Kesho akirudia, mwambie tena. Mimi nilirudia karibu mwaka mzima. Watakwambia ni utani. Utani una watani wake, makabila yanayojuana. Mtu asiyekujua anakutania kwa lipi? Katiba yetu ya 1977, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kila mtu, hata mwenye ndoo tupu.

Na nyinyi mnaotaka kuwa na biashara zenu na kuajiri watu, anzeni na majina ya wanaowafanyia kazi. Jina, jina, jina.

Jumapili nakwenda Chumbageni kwa mama wa yule msichana. Nimelazimika kuwauliza wenzake anaitwa nani, maana alikaa miezi minane jikoni kwangu na sikuwahi kumuuliza.